Nalipwa Nisiwabebee

Ukimwambia mtu wa Moshi kwamba kazi yako iko mlimani Kilimanjaro, hahitaji maelezo. Wewe ni mgumu, yaani mbeba mizigo, ni mpishi, au ni mwongozaji. Kama ni mwanamke atakudadisi kidogo, pengine unakaa ofisini kwenye kampuni, lakini mwisho ataelewa. Sasa mwambie kwamba unawapeleka wanafunzi porini wakalale kwenye mahema, wapike wenyewe, wabishane njia ipi ni ipi, halafu jioni mkae chini mzungumze, na kwamba hiyo ndiyo kazi inayokulisha. Atakutazama kisha aulize: "Na hapo unafundisha somo gani?"

Mama yangu aliamua kujijibu mwenyewe. Majirani huwaambia mimi ni mwalimu wa michezo, na sijamsahihisha.

Nilianza kama wengi, kwa kubeba. Pale geti la Machame kuna mizani, na mzigo wa mgumu hautakiwi kuzidi kilo 20. Anayeijua kazi anawahi kabla mizigo haijagawiwa, maana uzito ni jambo moja na umbo la mzigo ni jambo jingine. Mtungi wa gesi ni mzito lakini ukishafungwa umetulia. Trei za mayai ni nyepesi, na zitakutesa shingo kutwa nzima kwa sababu huwezi kujikwaa hata mara moja. Baadaye nikasoma mafunzo ya uongozaji, nikapata leseni, nikawa mwongozaji msaidizi.

Kazi ya mwongozaji naiheshimu na sitaisema vibaya. Lakini itazame ilivyopangwa. Mgeni amelipa fedha nyingi ili afike Uhuru, mita 5,895. Asubuhi analetewa maji ya moto mlangoni mwa hema. Akifika kambini anakuta hema limeshasimama na chai iko mezani. Unamwambia anywe maji, unamwambia avae koti, unamwekea mwendo wa pole pole, na usiku wa kupanda kileleni unamfikiria kwa niaba yake kwa sababu ubongo wake umechoka kwa upungufu wa hewa. Ukiifanya kazi hiyo vizuri, mgeni hana cha kuamua isipokuwa kama anataka uji au mayai.

Kwa vijana mambo yanageuka. Nikiwapangia kila kitu kikaenda sawa, wamekula pikiniki. Kila jambo ninalowafanyia wakati wanaliweza ni jambo nililowanyang'anya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ujuzi wangu, niliyoisomea na kuitolea jasho kuliko nyingine zote, ni kukaa pembeni na kufunga mdomo nikiwa najua jibu. Wenzangu waliotoka kwenye utalii hapo ndipo wanaposhindwa. Miguu wanayo, mlima wanaujua, ila mikono yao haitulii. Mtoto akihangaika na kamba ya hema, wameshaifunga.

Utaratibu huu wa kufundisha una historia ndefu, na kipande chake kimoja kiko jirani kabisa. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyewakimbia Wanazi, alianzisha shule ya Gordonstoun kule Scotland mwaka 1934. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, akashirikiana na Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli, kufungua shule ya kwanza ya Outward Bound, ya kuwafunda vijana kwa safari na changamoto za nje, huko Aberdovey, Wales. Holt alikuwa na hofu kwamba meli zikizamishwa, mabaharia vijana wenye nguvu wanakata tamaa haraka kuliko wazee, kwa kuwa hakuna kilichowahi kuwathibitishia kwamba wanaweza kustahimili. Mapema miaka ya 1950 shule ya namna hiyo ikafunguliwa Loitokitok, ng'ambo tu ya mpaka ukitokea Tarakea, Rombo. Vijana walikuwa wakiupanda Kilimanjaro kutokea upande wa Kenya.

Hata hivyo, anayeniambia kwamba haya ni mambo ya Wazungu huwa namuuliza kama amewahi kusikia habari za mregho. Wachagga walikuwa na fimbo yenye alama zilizochongwa, na mzee aliyewafunda vijana wakati wa jando alizipitia alama zile moja baada ya nyingine, kila moja na fundisho lake. Na mtoto wa kifugaji anayeondoka na mbuzi asubuhi bila saa wala simu anaamua mambo mengi kabla ya adhuhuri kuliko mtoto wa bweni kwa muhula mzima.

Tatizo letu liko kwingine. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, na shule zikawa na mashamba. Kwa maneno ya leo ile ilikuwa elimu ya vitendo hasa. Nenda sasa ukamuulize mtu wa rika langu anakumbuka nini kuhusu shamba la shule. Anakumbuka kwamba ukichelewa namba unapewa jembe. Shamba likawa adhabu. Kwa maoni yangu sababu ni moja: jembe lilikuwepo, mahindi yalikuwepo, lakini hakuna aliyekaa na wanafunzi baada ya kuvuna akawauliza waliona nini, nani aliamua, nani alibeba, na mwakani wangefanyaje. Mtaalamu wa elimu David Kolb alipoandika kitabu chake mwaka 1984 alilichora jambo hilo kama duara: unatenda, unatafakari ulichotenda, unapata wazo, unalijaribu, kisha unatenda tena. Ukikata kipande cha kutafakari unabaki na uchovu.

Nitoe mfano wa wali.

Tulikuwa msitu wa Rau, pale pale nje ya mji, na wanafunzi wa kidato cha pili wa shule moja ya serikali. Kila kundi lilipewa sufuria, mchele, mafuta, vitunguu, mkaa na ndoo, na bomba lilikuwa mbali kidogo. Nikageuza dumu nikakalia. Kundi moja lilikuwa na wavulana wanne wenye sauti, kila mmoja anatoa amri. Mchele ukaingia kwenye maji machache, moto ukawa mkali, na muda si mrefu harufu ikatufikia sote: chini unaungua, juu punje ni ngumu kama changarawe. Mwalimu aliyekuja nao hakuvumilia. "Madam, tuwasaidie, wanaharibu chakula." Nikamwambia kwa upole, mwalimu, tuwaache kidogo. Kwenye gari nilikuwa na mikate na siagi ya karanga ya kuwatosha wote. Kushindwa kule nilikuwa nimeshakulipia kabla hatujaondoka mjini.

Binti mmoja, ambaye tangu asubuhi sikuwa nimesikia sauti yake, akasogea bila kumwomba mtu ruhusa. Akapunguza mkaa chini, akanyunyiza maji kidogo juu ya wali, akafunika, kisha akachukua makaa kwa kijiti na kuyapanga juu ya mfuniko. Akapalia. Wale makamanda wakabaki wameshika kiuno. Wali ulikuwa na ukoko mnene na harufu ya moshi, lakini ulilika.

Jioni nikauliza maswali yangu ya kawaida: kimetokea nini, kina maana gani kwetu, kesho tutafanyaje. Mvulana mmoja akasema, "Tulikuwa na makamanda wanne na hakuna aliyechota maji." Watu wakacheka. Mwingine akamgeukia yule binti: kwa nini hukusema mapema? Akajibu, "Hamkuniuliza." Kimya kikatanda. Mwalimu akashika magoti kutaka kuinuka, nadhani alikuwa na nasaha juu ya ushirikiano, nami nikamwangalia akarudi kukaa. Wenyewe wakaanza kupanga nani asubuhi atakuwa zamu ya jiko, na jina la kwanza kutajwa lilikuwa la yule binti. Akakataa. Akasema yeye nyumbani anapika kila siku, kesho anataka kushika ramani.

Mimi ningemuweka jikoni. Nadhani kila mtu mzima pale angemuweka jikoni.

Kuongoza mazungumzo hayo ni kazi ngumu kuliko kuongoza njia. Katika madarasa yetu mwalimu akiuliza swali likafuatiwa na kimya, maana yake hujui, na kutojua kuna gharama zake. Kwa hiyo watoto wanakutazama usoni kutafuta jibu unalolitaka, kisha wanakupa. Usiku wa kwanza utaletewa methali: umoja ni nguvu, haraka haraka haina baraka, penye nia pana njia. Nimeweka sheria kwamba kwenye moto wangu methali haziruhusiwi. Mtu aseme alichokiona kwa macho yake, amtaje aliyemsaidia na aliyemuudhi. Wanashangaa, wanacheka, na kwa kawaida usiku wa pili ndipo mazungumzo yanaanza.

Sasa, si kila kosa linaachwa liive. Wali uungue, njia wakosee wazunguke nusu saa, hema livuje kama sweta kavu zipo kwenye gari. Maji yanayokwenda kasi hayana mjadala. Hifadhi ya Hell's Gate, kule Naivasha nchini Kenya, iliwapoteza vijana wa kundi la kanisa mwezi Aprili 2012 walipokuwa ndani ya korongo na mafuriko ya ghafla yakaja. Septemba 2019 korongo lile lile likaua tena, safari hii watalii pamoja na mwongozaji. Korongo ni jembamba, kuta zake zimenyooka, na mvua inayoleta maji inanyesha juu huko usikokuona, wakati mbingu ya kichwani pako inaweza kuwa nyeupe. Mwongozaji anayeangalia mawingu yaliyo juu yake tu hajui anachoangalia. Ndiyo maana masika sipeleki kundi chini ya maporomoko ya Materuni hata wazazi wakiwa wameshalipa, na Ziwa Chala tunalitazama kutoka juu. Kuta zake ni za mwinuko, kina ni kirefu, na wengi wetu, tuseme ukweli, hatujui kuogelea.

Hatari nyingine zinaanzia kwenye karatasi. Fomu ya afya inarudi imejazwa "hana" kila mstari. Wazazi wanaficha, na siwalaumu, wanaogopa mtoto ataachwa. Siku hizi nawapigia simu mmoja mmoja. Kuna mama tuliongea kuhusu safari ya Marangu hadi Mandara, akaniambia mwanawe mzima kabisa, hana shida. Nikamuuliza kama amewahi kulazwa. Akanyamaza, kisha: "Mwanangu, ana selimundu, lakini usimwache, ameshawaambia wenzake anakwenda." Mandara iko mita 2,720. Kwa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wengine huuita sikoseli, hewa kupungua, baridi na kukosa maji mwilini vinaweza kumletea maumivu makali na mambo mabaya zaidi ya hapo. Tulibadili safari nzima. Kundi lote tukalipeleka Rau na vijiji vya chini ya mlima, bila kumtangaza mtu yeyote. Hakuna mwanafunzi aliyejua sababu.

Wasichana nao wana mambo yao ambayo wenzangu wanaume huwa wanayasahau mpaka yawakute. Taulo za kike ziko kwenye mfuko wa huduma ya kwanza, na nalisema hilo siku ya kwanza mbele ya wavulana, kwa sauti ile ile ninayotajia plasta. Ziko wapi, zinachukuliwa bila kuomba, taka zinatupwa wapi. Na wazazi wa wasichana swali lao ni moja tu: "Kuna mwanamke atakayelala huko?" Nikijibu ni mimi, ada inaletwa. Sitajifanya kwamba hilo halijanisaidia kupata kazi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka wajibu wa kumlinda mtoto, lakini porini unahitaji kanuni ndogo za kila saa. Mtu mzima habaki peke yake na mtoto ndani ya hema. Safari haianzi na mtu mzima mmoja hata kundi likiwa dogo. Simu za picha, nani anapiga, zinakwenda wapi. Kampuni nyingi za utalii hazijawahi kulifikiria hilo, kwa sababu wateja wao ni watu wazima.

Tuje kwenye fedha, ndipo vijana wengi wanaoniandikia wanapotaka tufike.

Sijawahi kuona tangazo la kazi hii lililoandikwa kwa Kiswahili. Inaunganishwa vipande. Kuna shule za kimataifa za Arusha na Moshi, ambazo zina safari za lazima kwenye ratiba na zinalipa kwa siku, vizuri. Kuna makundi ya vijana kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kupanda mlima na "kujitolea", na hapo nina maneno. Nalijua darasa moja ambalo hupakwa rangi upya kila Julai. Ukuta hauna kosa lolote. Nikiwa na sauti kwenye upangaji, huwaomba wageni wakatembee na vijana wa hapa, wapike pamoja, wabishane ramani pamoja, na ukuta upumzike. Wakati mwingine nasikilizwa. Kipande cha tatu ni miradi: mashirika ya mazingira, klabu za Malihai za uhifadhi wa wanyamapori mashuleni, matawi ya Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa mazingira ambao mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1991, skauti, parokia. Miradi inalipa kidogo na inachelewa, lakini ndiko waliko watoto ninaotaka kufanya nao kazi.

Ubaya ni kwamba kila mtu anakutaka kati ya Juni na Oktoba, msimu ule ule ambao mwongozaji wa mlima anatengeneza fedha yake ya mwaka. Unachagua. Kwa siku, msaidizi kwenye kambi ya wanafunzi anapata chini ya anachopata mwongozaji msaidizi ukijumlisha na bahshishi. Watoto hawatoi bahshishi, wanatoa barua. Aprili na Mei hakuna kitu: unashona zipu za mahema, unaandika maombi ya fedha, unaishi kwa akiba. NSSF nachangia mwenyewe kama mtu aliyejiajiri, na ningemshauri kila mmoja aanze hilo kabla hajanunua buti la pili.

Nilisoma stashahada ya maendeleo ya jamii kwenye chuo cha Tengeru, karibu na Arusha, kati ya msimu na msimu. Watu walishangaa, kwani kuna mlima gani Tengeru? Lakini pale ndipo nilipojifunza kuendesha kikao, kuandika taarifa inayosomeka, na kujua mlango wa kugonga halmashauri. Afisa elimu ukimpelekea leseni ya mlima anakuona mtu wa utalii. Ukimpelekea cheti cha maendeleo ya jamii, anakupa kiti. Huko pia ndiko nilikojua habari za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, ambapo asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana. Kijana kisera ni wa miaka 15 hadi 35, maana yake kwa muda mrefu nilikuwa nawahudumia vijana huku na mimi ni kijana wa kuhudumiwa.

Jambo linaloniuma ni watoto wa Kibosho, wa Mbokomu, wa Marangu yenyewe. Wanauona mlima wakiamka, baba ni mgumu, mjomba ni mpishi, na hawajawahi kuvuka geti. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Kinachokwamisha ni basi, chakula, na nguo za baridi. Nguo tumepata njia: tunakwenda soko la Memorial asubuhi mitumba inapofunguliwa, tunachagua majaketi na suruali zisizokuwa jinzi, maana jinzi ikilowa inakaa na baridi mwilini kutwa. Tunazifua, tunaziweka kwenye mafurushi kwa saizi, tunaazimisha. Basi bado. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 unazungumzia umahiri na vitendo kila ukurasa, na nimeufurahia kwa dhati, ila sijaona shule ya kata yenye fungu la basi.

Kuna kijana, mwongozaji msaidizi, ananisumbua tangu Krismasi. Anataka kuacha mlima aje huku moja kwa moja. Nimemwambia leseni asiiache hata kidogo, aendelee kuilipia. Aprili, wageni wakiwa hawapo, akasome huduma ya kwanza ya porini, zile kozi za siku nane hadi kumi, si ile ya asubuhi moja, na ajue kwamba cheti kinakwisha baada ya miaka miwili au mitatu. Ajifunze kuogelea. Juni aje kwangu kama msaidizi, safari ya wanafunzi wa shule ya kata, malipo ni nusu ya anachopata Machame. Jioni ya kwanza nitampa dumu la kukalia na kazi moja tu, kutosimama mpaka wali uive. Ameniuliza kama atalipwa pia kwa siku hiyo. Atalipwa.